Mota ya Kugeuzia Mayai

Niliinunua Gikomba kwa mia nne,
mota ya waipa, ya gari nisilolijua,
bado ina tope la barabara ambayo sitaipita.
Nikaipeleka Luthuli, ghorofa ya pili,
nyuma ya duka la spika, kwa Kwamboka
ambaye meza yake ina upana wa mlango
kwa sababu zamani ilikuwa mlango.

Nataka igeuze mayai, nikamwambia.
Mia moja na ishirini, kwenye trei, kwetu Kariobangi.
Saa hii kulia, saa ijayo kushoto,
polepole, yasijue yamegeuzwa.
Mama amechoka kuamka saa tisa usiku
kuyageuza kwa mkono, moja moja,
kama muuguzi anayewabadilishia wagonjwa ubavu.

Hakucheka. Akachora herufi H kwenye boksi la sabuni:
transista nne, mikononi na miguuni,
na mota katikati, palipo na kiuno.
Fungua ya juu kushoto na ya chini kulia,
stima inapita kiunoni, mota inazunguka hivi.
Fungua zile nyingine mbili, inazunguka vile.
"Lakini usifungue mbili za upande mmoja,
hata kufumba na kufumbua.
Stima ni mvivu. Ikiona njia isiyo na kazi
itapita huko huko, yote, kwa mbio."

Nikasikia. Nikaenda nyumbani.
Nikafungua mbili za upande mmoja.

Pa!
Harufu ile ukiinusa mara moja huisahau:
kama nywele, kama sukari iliyoungua,
kama karo ya muhula.

Nikarudi na maiti mbili ndani ya kiberiti.
Akazipindua kwa kibano.
"Uliiambia irudi kabla haijaacha kwenda?"
Ndiyo.
"Basi."

Akawasha kile chuma chake, moshi wa risasi ukapanda
kati yetu na dirisha, na chini, mtaani,
spika kumi zikishindana nyimbo kumi.
Weka pumzi katikati, akasema. Zima zote nne.
Si sekunde, hata chembe ya sekunde yatosha,
mlango wa kwanza ufungwe kweli
ndipo ubishe hodi kwa wa pili.
Na hizi dayodi usizionee uchoyo:
koili ukiinyima stima ghafla
inakurudishia ulichoipa, na hasira juu yake.
Ipe hasira njia ya kuzunguka
izunguke mpaka ichoke yenyewe.

(Nikafikiria watu fulani wa ukoo wetu.
Sikusema.)

Na mwendo je? Hii mota ni ya mvua kubwa,
itanirushia mayai ukutani.
"Usiipunguzie. Ipe yote, uinyime yote,
ipe yote, uinyime, mara elfu kwa sekunde.
Itahesabu wastani, itatembea."
Mimi nimelelewa na haba na haba hujaza kibaba.
Hapa hakuna haba: ni yote na sifuri,
yote na sifuri, na katikati yake
trei inainama taratibu kama mtu anayesali.

Alichukua mia sita hamsini, na ahadi ya jogoo.

Wiki ya kwanza mama aliamka vilevile, saa tisa,
akasimama gizani na leso begani
akisubiri mashine imkosee.
Ikanguruma kidogo, kama paka kwenye gunia. Ikanyamaza.
Akarudi kulala bila kunisifu.

Siku ya kumi na nane mayai hayageuzwi tena.
Kifaranga anatafuta kichwa chake kiwe wapi,
usimsumbue. Nikachomoa waya,
nikaifunika mota kwa gazeti.

Usiku wa ishirini akaniita, taa imezimwa,
sikio lake karibu na kioo chenye mvuke.
"Kuna kitu kinagonga, halafu kinaacha.
Kinagonga, kinaacha.
Njoo uangalie mota yako."
Nikamwambia mota niliizima juzi.